Tuna ya Kupaka Isiyopikwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikipeleka bakuli hili kwenye shughuli, bakuli linarudi tupu na simu yangu inajaa maswali. Mengine nimeshayajibu mpaka nimechoka, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nawaambia mapema: nusu ya majibu yanaishia kwenye neno moja tu, kukamua.

Tuna ya kupaka ndiyo kitu gani?

Ni tuna ya kopo iliyochambuliwa kwa uma, ikachanganywa na mtindi mzito, parachichi, kitunguu, tango, ndimu na kotmiri. Inakuwa laini lakini imeshikana, kiasi kwamba ukiiweka juu ya kipande cha tango inakaa pale pale. Mimi huitoa wageni wanapofika tu, wakati pilau bado imepaliwa makaa na kila mtu anasikia harufu yake lakini haijapakuliwa. Jiko haliguswi. Kazi yote ni ya kisu, uma na mikono, kama dakika 20, ukiacha muda wa kuchuja mtindi.

Tuna na jodari ni samaki mmoja?

Ni ukoo mmoja. Yule mkubwa mwenye mapezi ya njano, anayekatwa vipande vizito pale sokoni, ni Thunnus albacares. Kwenye kopo mara nyingi yumo ndugu yake mdogo mwenye michirizi tumboni, Katsuwonus pelamis. Geuza kopo usome yale maandishi madogo. Wengi huandika jina hilo la kisayansi. Nyama ya huyu mdogo ina rangi iliyokolea zaidi na ladha kali kidogo, na kwa kazi yetu hilo si tatizo, maana ndimu na kotmiri vinamtuliza. Tena ana faida moja: hakui sana wala haishi miaka mingi, kwa hiyo hakusanyi zebaki nyingi mwilini, yale madini yenye sumu, kama wakubwa zake. Nitalirudia hili kwenye swali la wajawazito.

Kama haipikwi, si ndiyo kula samaki mbichi?

Hapana. Samaki wa kopo amekwishapikwa, tena mara mbili. Kiwandani humpika kwanza kwa mvuke ili mifupa na ngozi viondoke kirahisi, kisha wakishamfungia ndani ya kopo humpitisha kwenye joto la kupita nyuzi 110 ili kuua vijidudu vyote. Ndiyo maana anakaa kabatini miaka bila friji. Wewe unamalizia tu kazi waliyoianza watu wa Ushelisheli, Mauritius au Thailand.

Tupe vipimo basi.

Kwa watu 6 hadi 8 wanaoonja kabla ya mlo, chukua makopo 2 ya tuna ya maji, yale ya gramu 170 au 185. Ukishakamua utabaki na kama gramu 240 za nyama. Halafu vijiko 4 vya mezani vya mtindi uliochujwa, nusu ya parachichi lililoiva, nusu ya kitunguu maji cha wastani, tango dogo 1, ndimu 1, kotmiri ya kujaa kiganja, pilipili mbuzi kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, na pilipili manga ya kusaga. Chumvi ya kuungia bakuli usiiguse mpaka uonje; ya kusugulia mboga utaisuuza.

Kitunguu kikate chembamba, kinyunyizie chumvi, kisugue kwa vidole kama unavyofanya kwa kachumbari, kisha kisuuze na ukikamue. Tango lipasue kwa urefu, kwangua mbegu zote kwa kijiko, likate vipande vidogo kama punje za mahindi, tia chumvi kidogo, subiri dakika 10, suuza haraka, kamua ndani ya kitambaa safi. Parachichi liponde pamoja na nusu ya ile ndimu mpaka lisiwe na mabonge. Hapo ndipo uingize mtindi, halafu tuna, halafu mboga. Kotmiri iwe ya mwisho. Onja, ongeza ndimu, funika, weka kwenye friji nusu saa. Hiyo nusu saa usiiruke. Kabla ya hapo unasikia samaki peke yake na ndimu peke yake.

Mbona yangu huwa majimaji?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu lilinitia aibu mbele ya watu.

Nilikuwa nasaidia chakula kwenye arusi ya binamu yangu. Nikatengeneza tuna asubuhi, nikajiona hodari, saa nne nikaipaka juu ya vipande vya boflo na kuvipanga kwenye masinia mawili makubwa. Bwana harusi alichelewa, kama ilivyo ada. Masinia yalipofunuliwa adhuhuri, mkate ulikuwa umelowa. Ukishika kipande, nusu inabaki vidoleni na nusu inaanguka kwenye kanzu. Pembeni mwa sinia kulikuwa na maji meupe yanayotembea. Shangazi yangu akaangalia, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, huu ni uji wa samaki?"

Hakuishia kucheka, Mungu amzidishie. Siku ya pili aliniita jikoni, akafungua makopo 4, akamwaga maji kama mimi nilivyokuwa nikimwaga, yaani kwa kubonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Halafu akaitia ile nyama ndani ya kifumbu chake cha kuchujia tui, akakisokota na kukikamua kwa nguvu zake zote. Yakatoka karibu robo kikombe ya maji kutoka kwenye tuna ambayo mimi ningeapa ilikuwa kavu. Nyama iliyobaki ilikuwa inachambuka nyuzi nyuzi, mkononi haiachi unyevu. Tangu siku ile nina kifumbu changu, na kina harufu ya samaki, kwa hiyo nazi haikigusi tena. Kama huna, kitambaa safi cha pamba au chujio la chai na mgongo wa kijiko vinatosha.

Lakini tuna si mkosaji peke yake. Tango lina maji kama asilimia 95, na chumvi huvuta maji yatoke ndani ya mboga. Ukitia tango bichi na chumvi kwenye bakuli, unaweka bomba lililofunguliwa kidogo kidogo: wakati unachanganya huoni kitu, baada ya saa moja bakuli lina kidimbwi. Ndiyo maana tunalitia chumvi mapema na kulikamua. Maji yatoke kwenye sinki, yasitokee mezani. Nyanya mimi siweki kabisa. Anayetaka nyanya azikate pembeni.

Na mkate usipakwe mpaka wageni wamekaa. Bakuli katikati, vipande pembeni, kila mtu ajipakie.

Mtindi wa aina gani, na nauchuja vipi?

Mtindi mtupu usio na sukari. Nasisitiza kwa sababu yogati nyingi madukani zina vanila au stroberi, na kuna rafiki yangu aliyeshika kikopo bila kusoma. Tuna ya stroberi hailiki hata kwa njaa.

Tandika kitambaa safi juu ya chujio, weka chujio juu ya bakuli, mimina nusu lita ya mtindi, funga ncha za kitambaa, acha ndani ya friji saa 4 mpaka 6. Ukilala nao usiku ndiyo bora zaidi. Utapata kama nusu yake, mzito wa kukaa kwenye kijiko hata ukikigeuza. Walioishi Oman na nchi za Ghuba wanaujua kwa jina la lebne, na huko unauzwa tayari. Wao wana bahati. Maziwa ya mala nayo yanachujika, ila yanachukua muda na ukali wake ni mwingi, kwa hiyo punguza ndimu.

Yale maji ya njano yanayochuruzika usiyamwage. Yakandie unga wa chapati.

Mtindi wa nyumbani uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa. Mtindi wa maziwa mabichi unaweza kubeba vijidudu vya homa ambayo mifugo yetu inayo, na kuchuja hakuviondoi.

Mayonezi ina ubaya gani? Mimi ndiyo nimeizoea.

Haina uchawi. Tatizo ni wingi. Kijiko 1 cha mezani cha mayonezi kina kilokalori 90 mpaka 100, karibu zote za mafuta. Mtindi uliochujwa wa kijiko hicho hicho una kama 15 au 20, na una protini juu yake. Mapishi mengi ya tuna ya mkate humimina vijiko 6 au 8, na hapo samaki, ambaye peke yake ana mafuta kidogo mno, anageuka kisingizio cha kula mayonezi. Bakuli lote la vipimo vyangu lina takriban kilokalori 500. Gawa kwa watu 8 uone.

Ukiwa na hamu nayo, weka kijiko 1 ndani ya mtindi. Ladha inasikika, mzigo hausikiki. Ila mayonezi ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi siipeleki kwenye shughuli, hata niombwe. Yai bichi, joto la Dar na foleni ya wageni havipatani.

Ninunue ya maji au ya mafuta?

Kwa kupaka, ya maji. Gramu 100 za tuna ya maji iliyochujwa ina kama kilokalori 115, ya mafuta inakaribia 200 hata ukiimwaga vizuri. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: unapomwaga mafuta ya kopo, sehemu ya mafuta mazuri ya samaki, yale ya omega-3, yanaondoka nayo kwa sababu mafuta huchanganyika na mafuta. Maji hayayachukui hivyo.

Ya mafuta ni tamu zaidi, siwezi kukataa. Ukiwa nayo, punguza parachichi.

Na angalia uzito wa samaki bila maji, si uzito wa kopo. Makopo mawili yanaweza kuwa bei moja na ukubwa mmoja, moja lina gramu 130 za nyama na jingine 105. Zile za bei ya chini kabisa zimesagika kama unga; zinanyonya maji na hazikamuliki vizuri. Vipande vikubwa vya bei kali navyo ni hasara, maana utavivunja mwenyewe. Chukua za katikati.

Chumvi je? Nina presha.

Yale maji ya kopo mara nyingi ni maji ya chumvi. Mwaga, suuza nyama chini ya bomba kwenye chujio kwa nusu dakika, kamua tena. Chumvi inapungua sana. Ladha inapungua pia, kwa hiyo ongeza ndimu na pilipili manga. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo wanahesabu mkate, supu na kila kitu. Kuna makopo yasiyotiwa chumvi, ukiyakuta, nunua.

Naweza kutumia blenda?

Unaweza. Mimi siwezi kula. Inatoka kitu cha kijivu kama chakula cha mtoto anayeanza kuota meno. Uma unatosha.

Situmii maziwa. Nifanye nini?

Njia rahisi ni kuongeza parachichi liwe zima na kusahau mtindi, lakini ile lazima iliwe siku hiyo hiyo. Dengu za kopo zilizopondwa na kijiko cha ufuta uliosagwa nazo zinashika vizuri.

Njia ninayoipenda, hata kwa wanaokunywa maziwa, ni ya Wamaldivi. Wale ni jirani zetu wa bahari hii hii, na tuna kwao ni kama ugali kwetu. Asubuhi wanakula mas huni: tuna, ya moshi au ya kopo, wanaichanganya na nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, wanakula na mkate wao mwembamba uitwao roshi, ambao ukiletewa bila kuambiwa utasema ni chapati. Hakuna kitu kinachopikwa humo zaidi ya ule mkate.

Kwa mikono yetu ni hivi. Kaa kwenye mbuzi, kuna nusu ya nazi changa kidogo, isiwe kavu yenye mafuta mengi, na usifike kwenye ule weusi wa kifuu. Kitunguu na pilipili uvisugue kwanza kwa ndimu na chumvi ndogo kwa vidole mpaka kitunguu kilegee na kuanza kutoa maji. Hapa ndipo pekee ambapo maji tunayataka, kwa sababu nazi itayanywa. Tia nazi, usugue tena. Tuna iliyokamuliwa iingie mwisho, uichanganye kwa wepesi. Inakuwa kavu kuliko ile ya mtindi, yenye kupukutika, na inanukia nyumba nzima. Haipakiki kama siagi. Unaichota kwa kipande cha chapati.

Nazi ina mafuta mazito, kwa hiyo kwa upande wa afya si sawa na ya mtindi. Nusu ya nazi kwa makopo 2, usizidishe. Na nazi iliyokunwa huchacha haraka: tengeneza, ule, umalize.

Mjamzito anaruhusiwa kula?

Tuna ya kopo, ndiyo, kwa kiasi. Suala ni zebaki, ambayo inazidi kadiri samaki anavyokuwa mkubwa. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa inawaambia wajawazito wanaweza kula milo 2 hadi 3 kwa wiki ya samaki wa kundi lenye zebaki kidogo, mlo mmoja ukiwa kama gramu 110, na tuna ya kopo ya yule samaki mdogo imo kwenye kundi hilo. Ile nyeupe, Thunnus alalunga, ni mlo mmoja kwa wiki. Uingereza wanasema makopo yasizidi 4 kwa wiki. Kwa kitafunio cha kuanzia mlo hufiki huko. Sehemu yako kwenye bakuli langu ni gramu 30 au 40.

Kinachonisumbua zaidi kwa mama mjamzito ni mambo mengine mawili: mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, na kotmiri isiyooshwa sawasawa. Kotmiri inakuja na udongo kwenye mizizi. Ikate mizizi kwanza, itumbukize kwenye bakuli la maji safi ya kunywa, itikise, mwaga, rudia mpaka chini ya bakuli kusiwe na mchanga.

Na mtoto mdogo?

Mwenye mwaka 1 hadi 3, kama gramu 30 kwa mara moja, mara mbili kwa wiki inatosha. Bila pilipili. Hakikisha kwanza samaki na maziwa havimdhuru.

Natumia dawa za kifua kikuu, nimesikia nisile tuna. Ni kweli?

Ni kweli, na wengi hawaambiwi. Kama dozi yako ina isoniazidi, iwe ya kutibu au ya kinga, muulize mhudumu wako kabla hujala tuna. Samaki wa ukoo huu wanaweza kuwa na histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na dawa hiyo inauzuia mwili kuivunja. Mtu anawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Tengenezea wengine, wewe kula dengu.

Naweza kununua jodari pale Feri, soko la samaki la Dar, nikamtumia badala ya kopo?

Mbichi, hapana. Jodari akiachwa juani saa chache, vijidudu vinatengeneza hiyo hiyo histamini, na hata ukimpika baadaye haiondoki. Histamini huioni kwa macho wala huijui kwa harufu. Ukiongeza minyoo ya samaki, basi usithubutu.

Ila kama jana usiku ulichoma jodari aliyetoka kwenye barafu, kikabaki kipande ukakiweka kwenye friji mara tu kilipopoa, hicho ni bora kuliko kopo lolote. Kiondoe ngozi na miiba, kichambue, endelea. Hakihitaji kukamuliwa; pengine utaongeza kijiko cha mtindi. Kesho yake tu, si siku ya tatu.

Inakaa muda gani?

Kwenye friji ya nyuzi 4, ndani ya chombo chenye kifuniko, siku 3 kama haina parachichi. Yenye parachichi ni siku 1. Ndimu huchelewesha weusi, haiuzuii. Kuigandisha hapana: mtindi unakatika na tango linakuwa kama sifongo. Na usiihifadhi ndani ya kopo lililofunguliwa, inachukua ladha ya bati.

Mezani ni saa 2. Hali ya hewa ikipita nyuzi 32, yaani Dar ya Januari na Februari bila feni, ni saa 1. Mimi huweka bakuli la tuna ndani ya bakuli kubwa lenye barafu, na naitoa kidogo kidogo: nusu mezani, nusu kwenye friji.

Umeme ukikatika?

Friji isipofunguliwa hushika baridi kama saa 4. Tatizo ni watoto, wanaoifungua kila dakika kuangalia kama bado ina baridi. Ukipita muda huo, tupa. Nimetupa bakuli zima mara moja, na niliona uchungu, lakini makopo 2 ni nafuu kuliko dripu.

Kopo limebonyea. Nilitumie?

Bonyeo dogo ubavuni, halina neno. Bonyeo kwenye mshono au kwenye ukingo wa juu, kutu inayochomoza, kopo linalovuja, hapana. Kopo lililovimba usilifungue hata kwa udadisi, wala usionje ujue.

Iliwe na nini?

Vipande vya tango vinene kidogo, karoti, pilipili hoho iliyokatwa mapande, jani la saladi lililokunjwa. Boflo lililokaushwa juani au kwenye kikaangio kikavu ni tamu, ingawa hapo umewasha jiko na jina la mapishi linaanza kusema uongo. Krispi za ndizi wanazipenda vijana.

Lakini jaribu embe bichi. Lile gumu, la kijani, la kuliwa na chumvi na pilipili njiani kutoka shule. Limenye, likate vipande vyembamba kama sarafu ndefu, weka tuna juu, nyunyiza pilipili ya unga. Ukali wa embe unaifanya kazi ya ndimu na ya mkate kwa pamoja. Kwenye msimu wa maembe sitoi kitu kingine.

Nina wageni 50.

Makopo 12, ikiwa kuna sambusa au kitu kingine pembeni. Usizidishe pilipili kwa hesabu hiyo hiyo. Tia nusu ya hesabu, onja, endelea. Changanya mafungu mawili matatu, si beseni moja. Beseni halichanganyiki vizuri na haliingii kwenye friji. Na tafuta mtu wa kukukamulia, mkono wako hautafika kopo la nane.

Mikono inanuka samaki, nifanyeje?

Sugua kwa ganda la ile ndimu uliyokamua na chumvi kidogo, kisha sabuni. Maji ya baridi, si ya moto.

Maji ya kopo nayatupa?

Mafuta ya kopo usitupe, kaangia mchicha au wali wa jana. Maji ya chumvi, mimi nayamwaga. Kwangu kuna paka ambaye akisikia tu kopo la kwanza linafunguliwa huja kukaa kwenye mguu wangu na kupiga kelele kama anayedai kodi. Anapata kijiko 1 cha nyama iliyosuuzwa, kwa sababu chumvi ile haimfai na yeye. Kisha namfungia nje, nianze kukamua.